Vyumba Vilivyosoma Sifuri

Mthamini wa nyumba alifika saa nne asubuhi, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akaomba maji ya kunywa. Alikuwa na futi ya chuma ya kujikunja na fomu yenye nakala tatu. Nyuma yake aliingia kaka wa marehemu mwenye nyumba, ambaye mtaa mzima ulimwita Fasta kwa sababu hakuweza kusubiri hata chai ipoe. Fasta ndiye aliyetaka nyumba iuzwe.

"Shemeji, usijipe presha," alimwambia mjane wa ndugu yake, aliyekuwa akikunja nguo. "Tunajua bei ya soko tu. Kujua si kuuza."

"Sawa, shemeji."

Mjane aliendelea kukunja nguo. Yeye na binti yake wa miaka mitano hawakuwa na pengine pa kwenda, na Fasta alilijua hilo.

Mthamini alianza sebuleni: futi kumi na mbili kwa kumi. Chumba cha mbele: kumi kwa kumi. Kisha akaingia jikoni, akabana ncha ya futi ukutani, akatembea hadi ukuta wa pili, akainama kusoma.

"Sifuri," alisema, kama mtu aliyeulizwa saa. Akapima tena, maana kazi yao hupimwa mara mbili. Akaandika sifuri.

Katika chumba cha nyuma, mtoto alikuwa sakafuni akichora kuku. Nacho kilisoma sifuri. Mthamini akapima kitanda kilichokuwemo.

"Kitanda kina futi sita," alisema. "Chumba hakina kitu."

"Kaka, futi yako mbovu!" Fasta alifoka. "Ngoja nipime kwa miguu." Akaanza kutembea, kisigino kwa kidole, akihesabu kwa sauti: "Sifuri. Sifuri. Sifuri." Alifika ukutani akivuja jasho.

Mthamini alimgeukia mjane. "Dada, huku nyuma nani alijenga?"

"Mimi. Kwa pesa za cherehani, miaka saba."

"Risiti za saruji zina jina la nani?"

"La mume wangu. Muuzaji alisema ndivyo zinavyoandikwa."

"Aa." Mthamini alitikisa kichwa. "Basi ndiyo hivyo. Wiki jana nilipima kibaraza alichojenga mama mmoja, risiti za mumewe, kikasoma hivihivi."

Alikaa sebuleni akapiga hesabu. Nyumba mbili za jirani zilizouzwa karibuni zilikuwa na jiko na vyumba vitatu. Hii, kwa mujibu wa fomu, ilikuwa sebule na chumba, hakuna pa kupikia. Akamwonyesha Fasta tarakimu ya mwisho.

"Yaani hii?" Fasta alikodoa macho. "Hii hata dalali hapati nauli! Nigawane nini na ndugu zangu?"

"Soko ndilo linasema, mzee."

Fasta alisimama. "Basi kaa tu, shemeji. Hapa hakuna nyumba." Akapita jikoni ili atokee mlango wa nyuma, akajigonga paji la uso kwenye kizingiti cha juu, ambacho mjane alikijenga chini kidogo siku matofali yalipopungua.

"Pole, shemeji."

"Nimeshapoa," alisema Fasta, akaondoka.

Mthamini alisogeza fomu. "Tia sahihi hapa, dada. Mkazi."

"Siwezi kutia pale pa mmiliki?"

"Hapana. Pale pameshajazwa jina la marehemu."

Akatia sahihi palipoandikwa mkazi. Mthamini akampa nakala ya tatu, iliyofifia, akavaa viatu vyake.

Mjane alikwenda chumba cha nyuma. Akacheka peke yake.

"Mama, tunahama?" mtoto aliuliza.

"Hatuhami, mama. Endelea na kuku wako."

Akajilaza sakafuni kando ya mwanawe, akanyoosha miguu na mikono kwa urefu wake wote, na bado nafasi ikabaki.