Maji ya Jomvu Chumbani Chaani

Maji huingia chumbani kwetu Chaani bila kulowesha kitu. Yanatoka kwenye projekta, yanapanda ukuta, yanapita juu ya kalenda na juu ya ufa wa rangi, na nje malori ya Changamwe yananguruma kana kwamba humu ndani hakuna bahari.

Ni mimi niliyeyaleta, dada Wardah. Niliyaleta kwa ajili yako.

Mwaka mzima hukugusa kasia, tangu mtumbwi wenu wa mashindano ulipopinduka penye mkondo, mbele kidogo ya Jomvu Kuu, nawe ukakaa chini ya maji hadi sisi tuliokuwa pwani tukaanza kulia. Hukusema unaogopa. Ulisema bega linauma. Nami, niliyesomea umeme chuoni na nyumbani sina neno la kukufariji, nikatafuta mashine kuukuu ya kupigia makasia, nikaifungia sumaku, kompyuta ndogo na projekta, ili picha za maji zipite ukutani na mpini uwe mzito maji yakipwa, uwe mwepesi maji yakijaa.

Siku ya kwanza ulinicheka. "Wewe! Nani apita katikati maji yakipwa? Twajibana na mikoko, huko mkondo walala!"

Kicheko chako kilinitosha kwa wiki nzima. Nikaenda Jomvu na simu yangu, siku za bamvua maji yakienda kasi na siku za maji mafu yakitulia, nikapiga picha, nikapima, nikarudi kurekebisha. Vuta, dada. Pumua. Vuta.

Kiti chako mtumbwini kilikuwa bado kitupu. Kafedha, nahodha wenu, alikiwekea debe la mchanga ili chombo kisilale upande, kisha akakutumia salamu: "Mwambieni debe halichelewi mazoezini. Ila mashindano ni Jumamosi. Asipokuja kabla, nampa mwingine."

Asubuhi salamu hizo zilipofika, ukaacha kuvuta ghafla.

"Kuna mahali umeparuka," ulisema.

Nikainama. Kweli, picha za mkondo ule uliowapindua nilizikata. Nilishona maji kwa maji, nikadhani mshono hutauona.

"Nilikuonea huruma, dada."

"Huruma yako ndiyo yaniambia hapapitiki. Parudishe."

Nikaparudisha. Ukuta ukawa kijani kizito. Sumaku ikakaza. Ukaganda, mpini kifuani, na mkondo wa ukutani ukakurudisha nyuma, mkoko kwa mkoko, nami nikaweka kidole kwenye swichi ya kuzima bila kuibonyeza. Kisha ukavuta. Ukavuta tena. Mikoko ikaanza kutembea.

Siku hiyo ulipita mara moja. Kesho yake mara nne.

Leo Alhamisi, Jomvu Kuu maji yamejaa. Umelishusha debe kwa mikono yako, ukamwaga mchanga wake pwani. "Taratibu!" Kafedha akapaza sauti. "Debe langu hilo, tulishazoeana!" Wanawake wenzako wote mtumbwini wakacheka, na wewe ukakaa mahali pako.

Nimesimama kwenye tope, viatu mkononi. Huku sina swichi. Huku siwezi kuyafanya maji yawe mepesi hata kidogo.

Mmefika pale penye mkondo. Chombo kinayumba, makasia yanazama, yanainuka, na wimbi dogo linakupiga usoni. Nimeacha kupumua. Kisha sauti yako inakuja juu ya maji, imejaa kicheko:

"Mdogo wangu! Mashine yako haina chumvi!"