Tuta la Katikati

Eufrasia Masalu alikuwa ameandika vitabu vitatu vya kuongoza watu kazini, na hakuna hata kimoja kilichowahi kukaa kwenye rafu ya duka la vitabu. Vyote vilizaliwa kwenye steshenari ya Mustapha, Bariadi mjini, mashine ya kutoa kopi ikilalamika na Mustapha mwenyewe akivipiga pini mgongoni. Kutoka hapo vilikwenda minadani, vikauzwa kati ya chumvi ya mawe na kamba za ng'ombe. Cha kwanza, Umepewa Watu, Sasa Nini?, alikiandika akiwa msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, akina mama thelathini chini yake na meneja mmoja juu yake, na katika hao wote aliyemsumbua ni huyo mmoja. Cha pili kiliitwa Bosi Achelewe Kukasirika. Meneja alikisoma, akajiona humo, akamfukuza kazi siku hiyo hiyo bila kuchelewa hata kidogo. Mwingine angenyamaza. Eufrasia alikwenda kwa Mustapha akaagiza nakala mia zaidi.

Cha tatu, Tuta la Katikati, kilikuwa na kurasa themanini na jambo moja tu ndani yake. Alilitoa Ngulyati, kijijini kwao, kwenye vikundi vya palizi ya pamba, ambako watu ishirini huingia shamba moja kwa pamoja, kila mtu na tuta lake, na yule mzito wa mkono kuliko wote huwekwa katikati. Kutokana na hilo tuta Eufrasia alieleza namna ya kuongoza kiwanda, duka, shule, hata kwaya ya kanisani.

Kitabu hicho ndicho kilichofika Dar es Salaam. Taasisi moja ya mafunzo ya uongozi ilikipenda, ikataka kukichapa nakala elfu tano zisambazwe kwenye vyama vya msingi vya wakulima nchi nzima. Siku mbili kabla ya uzinduzi, afisa wa taasisi hiyo, binti mmoja nadhifu aitwaye Gloria, alileta nakala ya mfano pale steshenari. Jalada lilikuwa linang'aa. Juu yake alisimama mwanamume mwenye tai, mgongo kwenye dirisha la kioo, na chini yake maandishi makubwa: Dk. Sylvester. Eufrasia alilitafuta jina lake mwenyewe. Alilikuta ukurasa wa nne, kwenye shukrani, baada ya dereva.

"Mama, watu wanataka cheo," Gloria alimweleza kwa upole. "Mtu akiona mwandishi ni darasa la saba, hakifungui. Dokta wetu anakufungulia mlango, wewe unaingia."

"Nyumba ni yangu, halafu nafunguliwa mlango?"

Gloria alitabasamu kama watu wa ofisini wanavyotabasamu wakiwa tayari wameshaamua. Mkataba ungesainiwa jukwaani, mbele ya wapiga picha. Mama asiposaini, hakichapwi. Hilo alilisema wazi, na kwa hilo angalau tumpe haki yake.

Karibu kila mtu alimwambia asaini. Mwanawe Yakobo, mwalimu kule Maswa, alipiga simu mara mbili. "Mama, saini tu. Kitasomwa." Neno hilo ndilo lililomchoma. Eufrasia alikuwa na miaka sitini na mmoja, na mashine ya Mustapha ilitoa nakala arobaini kwa wiki, tena umeme ukipenda. Alitaka kitabu chake kisomwe Songea na Kigoma na watu ambao hatawaona kamwe. Alikitaka kitu hicho kwa uchungu, na tusimfanye malaika: kuna saa aliishika kalamu dukani akajaribu saini yake nyuma ya risiti.

Mustapha alimwona. "Mama Yakobo, ukisaini mimi napoteza mteja," alisema. "Kwa hiyo ushauri wangu usiufuate. Ila usisaini."

Siku ya uzinduzi ukumbi wa pale Bariadi ulijaa. Viongozi wa vyama vya msingi walitoka Maswa, Meatu na kwingine, na nyuma kabisa waliketi wanawake kumi na wawili wa kikundi cha palizi cha Ngulyati, kanga mpya mabegani. Meza kuu ilikuwa na kitambaa na maua ya plastiki. Dokta Sylvester aliwekwa mbele ya maua. Eufrasia alipewa kiti cha pembeni kabisa, karibu na spika, ambapo mtu hasikii kitu isipokuwa mvumo.

Dokta aliongea dakika arobaini, na aliongea vizuri. Rasilimali watu, tija, mnyororo wa thamani. Waliosinzia walisinzia kwa heshima. Kisha mshereheshaji akaruhusu swali moja, na aliyesimama alikuwa mzee Mayige, mwenyekiti wa chama cha msingi cha Lingeka, fimbo ya kuchungia mkononi.

"Mwangaluka, Dokta," alisalimia Kisukuma.

"Asante," alijibu Dokta.

Ukumbi ulisubiri aitikie Kisukuma, ukaona hakuna zaidi. Mzee Mayige akaendelea. "Kitabu chako kinasema mtu mzito awekwe tuta la katikati. Mimi nauliza, kwa nini asiwekwe la mwisho, ajikokote mwenyewe?"

Mzee huyo hakuwa mjinga. Mfukoni mwa koti lake alikuwa na nakala ya mnadani, imechakaa kwa kusomwa. Jibu liko ukurasa wa sabini na nane, na aliyesoma muhtasari hafiki huko.

Dokta Sylvester alisafisha koo. "Swali zuri sana. Ni suala la ufuatiliaji. Akiwa katikati anasimamiwa kutoka pande zote mbili, uzembe unaonekana mara moja."

Wanawake wa Ngulyati walicheka. Kicheko hicho kilianzia nyuma kikaja mbele, safu kwa safu.

Eufrasia alisimama bila kuitwa na bila kipaza sauti.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa," alisema. "Nilikuwa nimemzika mtoto wangu wa kwanza. Siku ya tisa zamu ya kulima ikafika, na mikono haikutaka jembe. Wakaniweka katikati. Wa kulia akanilimia kipande cha tuta langu, wa kushoto akanilimia kipande. Hakuna aliyeniambia pole, maana ningeanguka. Mwenye shamba alikuja akasimama barabarani, akaona mstari umenyooka. Hakujua mzito ni nani. Amekufa hajui." Alimgeukia Dokta. "Haikuwa kunisimamia. Walikuwa wananificha mpaka nguvu zirudi. Hilo sikulisoma popote."

Gloria aliinuka haraka, akauweka mkataba mbele ya Eufrasia, kalamu juu yake. Pengine aliona huu ndio wakati mzuri wa picha.

"Sisaini," Eufrasia alisema. "Kitabu kitoke na jina langu, au kibaki mnadani."

"Mama, ni nakala elfu tano."

"Nimezihesabu, mwanangu. Zinaniuma zote." Na ziliuma kweli, ila mkono wake uliusukuma mkataba mpaka ukaangusha maua.

Ukumbi ulilipuka. Watu walianza kumzomea Dokta, na hapo Eufrasia akakasirika kuliko alivyokuwa amekasirika siku zote tatu.

"Hazomewi mtu hapa. Mmesoma kitabu changu au mmekifungia sukari?"

Waliosimama wakaketi. Alibeba kiti chake mwenyewe kutoka pembeni, akakitua kulia kwa Dokta Sylvester. "Mzee Mayige, njoo ukae kushoto." Mzee alipanda, akaketi, fimbo kati ya magoti, akaitoa nakala yake mfukoni. Kumficha Dokta isingewezekana tena, watu mia mbili walikuwa wameshaona. Angalau wangemsaidia kumaliza tuta.

Eufrasia aliichukua ile nakala iliyochakaa, akaiweka mbele ya Dokta. "Tusomee jalada. Polepole tu, tuko na wewe."

Dokta alimtazama Gloria. Gloria alikuwa anaitazama simu yake. Jasho lilikuwa limemshuka Dokta mpaka kwenye kola. Alisoma kwa sauti ndogo: "Tuta la Katikati. Kimeandikwa na Eufrasia Masalu, wa Ngulyati."

"Wabeja, asante, ila huku nyuma hatujasikia," alisema mwanamke mmoja wa kikundi.

Eufrasia alimsogezea kipaza sauti. Dokta Sylvester alikishika kwa mikono miwili, akavuta pumzi, na safari hii akaanza na jina la mwandishi.