Mnyoo Asiye na Mdomo

Mzee Albano, mchonga vinyago wa Gongo la Mboto, alimchongea mwalimu Jenipher mnyoo wa kwenye chemchemi za moto zilizo chini kabisa baharini. Kwenye picha aliyoletewa hakuuona mdomo, akauongeza, maana kwake kinyago bila mdomo ni kazi ya mvivu.

Jenipher alipokuja kukichukua, alimwamkia, kisha akagusa mdomo wa kinyago. "Huyu hana mdomo, mzee. Hata utumbo hana."

Albano akaiweka patasi chini. "Sasa anakulaje?"

"Ndani yake wamejaa bakteria wa koo mbalimbali, kila ukoo na wake. Hao ndio wanaomtengenezea chakula."

Albano akakichukua kinyago na kukigeuzageuza. Miaka arobaini alichonga vinyago vya ujamaa, ukoo mzima umebebana kwenye gogo moja.

"Kumbe mie nahangaika na mdomo," akasema, "na koo zote nimeziacha ndani ya gogo, sijazichonga."