Spika Nyuma ya Mlango

Nilikubali vyombo vya kwaya viingie nyumbani kwangu kwa sababu ya Ida, wala sitasema uongo kwamba nilifanya kwa ajili ya kazi ya Bwana peke yake. Binti yangu alikuwa na miaka ishirini, sauti anayo, na kule Makambako palikuwa na hoteli moja iliyoanzisha bendi. Mwenye bendi alishamwita mara mbili. Mimi nimezika mume na watoto wawili. Aliyebaki ni Ida. Nikasema moyoni, kama ni kuimba, basi aimbie hapa ninapomwona.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, na vitu tulivyozoea kuviona kwa Wazungu wa misheni tu vilikuwa vinauzwa kando ya barabara kuu Makambako. Kwaya ya vijana ya usharika wetu hapa Njombe ilinunua huko spika mbili, amplifaya, kinanda cha umeme, gitaa na ngoma za bendi. Wazee wa kanisa wakasema ngoma zile ni za baa, haziwezi kulala kanisani. Ndipo shemeji yangu Sila, mdogo wa marehemu mume wangu na mwalimu wa kwaya, akaja kuniomba karakana.

Marehemu alikuwa seremala. Karakana yake ni chumba cha nyuma, hatua nne kwa tatu, chenye dirisha moja dogo la mbao. Mfanyabiashara aliyewauzia, Abdulatif, alivileta vyombo kwa pikapu yake.

"Kamwene, mama!" alinisalimu kwa Kibena cha kuokoteza.

"Kamwene, baba. Karibu."

Akachungulia chumbani, akacheka. "Mwalimu, hapa unaingiza spika au unaingiza kuku?"

"Wewe shusha tu, tajiri," Sila akasema. "Kupanga ni kazi yangu."

Alipanga siku nzima. Spika zilikuwa ndefu za kunifika kifuani. Moja ikakaa kona ya dirisha, amplifaya juu ya meza ya kupigia randa, kinanda mbele yake, ngoma katikati. Spika ya pili ikakosa mahali. Ikiwekwa huku, mpiga gitaa anabaki nje. Ikiwekwa kule, Ida hafikii kinanda. Mwishowe Sila akaiona nafasi yake: nyuma ya mlango. Mlango ule hufungukia ndani. Kwa hiyo watu waingie kwanza, wafunge, kisha spika isukumwe mpaka iuegemee.

"Na mtu akitaka kutoka, shemeji?" nikauliza.

"Anaomba ruhusa kwa spika."

Wakacheka wote, Ida naye. Abdulatif hakucheka. Alikuwa ameweka kiganja juu ya amplifaya. "Hii ikifanya kazi inachemka. Iachieni hewa." Akachukua patasi ya marehemu, akatoboa ubao wa dirisha tundu la kupita ngumi. Nilimshukuru sana. Moto wa umeme ndio niliouogopa, na kila siku nilikuwa napapasa zile nyaya kwa mgongo wa mkono.

Siku ya tatu akaja jirani, Polikarpo, mtu wa Uwemba. Alikuwa mlinzi wa usiku, kwa hiyo mchana ndio usingizi wake. Alikuja na koti juu ya nguo za kulalia.

"Mama Ida, mimi nakuheshimu. Lakini kile kitu kinapiga ndani ya kichwa changu."

Sila akatoka. "Ninyi Wakatoliki mmezoea nyimbo za polepole. Njoo tukufundishe."

"Nifundishe kulala kwanza, mwalimu. Nikishindwa naenda kwa balozi wa nyumba kumi."

Balozi wetu hakutaka maneno, na kwaya ilikuwa na safari ya Iringa mwezi wa nane kurekodi kanda. Basi wakaziba. Walipigilia trei za mayai ukutani, wakasimamisha magodoro mawili, wakajaza maranda kwenye magunia ya viazi na kuyapanga chini ya dirisha. Lile tundu la Abdulatif Sila alilisokomezea blanketi.

"Shemeji, yule baba alisema hewa."

"Sauti yote inapita hapo. Amplifaya ikipata moto tutaizima kidogo."

Nikaingia kutazama. Nikasema, "Bwana asifiwe," nikaisikia sauti yangu inaishia mdomoni, kama nimesema ndani ya shimo. Nilitoka haraka. Sikumwambia mtu.

Julai ya Njombe kila mtu anaijua. Umande unaganda mweupe juu ya majani, na ukungu unakaa mpaka saa tano. Ida akaja jikoni, vidole vimekakamaa. "Mama, kinanda hakipigiki. Tupatie jiko."

Nikakoka mkaa. Sisi wa huku mkaa tunaujua, au tunadhani tunaujua. Ukiwa mbichi una moshi, unaumiza kichwa, huuingizi ndani. Unaukoka uani, unaupepea, unangoja mpaka uwe mwekundu mtupu na majivu meupe juu yake. Hapo umeiva; unauingiza hata chumba cha mzazi na kichanga. Mama yangu alifanya hivyo, nami nilipomzaa Ida nilifanyiwa hivyo. Ila nyumba ya mama ilikuwa ya nyasi, na upepo uliingia na kutoka ulivyotaka.

Jumanne Ida alitoka mazoezini ameshika kichwa, akatapika nyuma ya choo. Nilikuwa namtazama. Mimi ni mtu wa kutazama, na siku hiyo nilitazama tumbo lake. Nikamkumbuka yule mwenye bendi.

"Ida, mwezi huu umeziona siku zako?"

Alinyanyuka, macho yamejaa maji ya kutapika. "Mama! Hivyo ndivyo unavyonifikiria?"

"Nimekuuliza."

"Basi uliza ukuta."

Toka hapo hatukusemezana. Nilimwombea asubuhi na jioni, nikimwomba Mungu amlinde na wanaume.

Alhamisi Sila aliingia saa sita peke yake kutengeneza nyaya. Nikampelekea jiko, mkaa umeiva vizuri, hauna hata uzi wa moshi. Saa tisa wakaja Ida na Mika, mpiga gitaa, kijana wa Wanging'ombe. Ida alinipita bila salamu. Sila ndiye aliyewafungulia, uso umemwiva, akasema kichwa kinamgonga kwa kuinamia nyaya. Nikaongeza mkaa mwingine. Halafu nikasikia spika inaburutwa, ikagota mlangoni.

Nilikaa uani napukuchua mahindi. Waliimba beti mbili, vizuri kabisa. Ubeti wa tatu ngoma zikaanza kuchelewa. Nikasema moyoni, leo Sila kachoka. Ngoma zikanyamaza. Gitaa likakwaruza, nalo likanyamaza. Kikabaki kinanda, sauti moja tu, haipandi wala haishuki. Nikadhani wanatafuta ufunguo wa wimbo. Nikapukuchua mahindi matatu. Ile sauti ilikuwa bado ni ileile.

Polikarpo akatokea kwenye ua, koti begani. "Mama Ida, huu wimbo gani leo usiovuta pumzi?"

Tukatazamana.

Nikaita, "Ida!" Nikagonga. Nikasukuma mlango; ukaachia upana wa kidole, ukagoma. Polikarpo akaweka bega, spika haikusogea. Akakimbilia dirishani na shoka langu la kuni, nami nyuma yake, akavunja mbao, akavuta blanketi. Hewa ya ndani ikanipiga usoni. Ilikuwa ya moto na haikuwa na harufu yoyote. Akajipenyeza kichwa kwanza, nguo zikachanika, nikasikia anaangusha vyombo mpaka spika ikapinduka na mlango ukafunguka.

Ida alikuwa amelala juu ya kinanda, shavu kwenye funguo. Sila alikuwa chini, kati ya ngoma na mlango. Nitasema kama ilivyokuwa, maana Mungu aliona: nilimruka Sila nikaenda kwa mwanangu. Nilimburuta mpaka uani, nikamlaza kwenye mahindi. Polikarpo alimtoa Mika. Tuliporudi wote wawili kumchukua Sila, Ida na Mika walikuwa wanakohoa. Yeye hakukohoa.

Lori la mbao lilitubeba hadi hospitali. Daktari akaniuliza walikuwa na nini ndani. Nikataja umeme, amplifaya, nyaya. Akasema, "Na kingine?" Nikasema jiko, lakini mkaa uliiva. Akaweka kalamu chini. Akanieleza polepole kwamba sumu ya mkaa haina moshi wala harufu, na mkaa ukiiva inabaki palepale. Nikamwuliza nesi lile swali langu la Jumanne. Akasema hapana, binti hana mimba.

Mika alipata nafuu usiku uleule. Ida alinitambua Jumamosi jioni, nimetoka kuzika, udongo bado uko kwenye viatu.

"Baba mdogo yuko wapi?"

Nilikuwa nimeomba maneno njia nzima, sikupewa. "Tumemzika leo."

Kisha akasema, "Spika. Nilitaka kutoka nikakumbuka spika, nikasema ngoja ubeti uishe."

"Si spika tu, mwanangu. Ni mkaa. Na mkaa niliukoka mimi."

Alinitazama muda mrefu, kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa vibaya.

"Uliukoka vizuri, mama," akasema. "Haukuwa na moshi hata kidogo."

Kisha akageukia ukutani.