Pantoni ya Kitunda

Simu iliita Yassin akiwa ameinamia injini, anaangalia maji ya rejeta. Gari walikuwa wameliazima kwa bosi wake, na mkewe, Mwahija, alikwisha kulipakia: nepi za mtoto, chupa ya chai, na dera jipya la mama yake aliyekuwa mgonjwa kwao Kitunda, ng'ambo ya Lindi mjini.

"Mjomba, shikamoo," Mwahija aliipokea.

"Marahaba, mwanangu. Mmeshatoka Dodoma?"

"Ndiyo tunataka kutoka. Mama kaamkaje?"

Mjomba Maftaha alikohoa. "Nyie njooni tu. Sasa mnavyopanga, pantoni ya jioni mtaiwahi?"

Mwahija alicheka. "Kwa gari hili? Linapiga chafya hata halijawashwa. Tukijitahidi sana tutalala Kilwa, pale Nangurukuru. Kuvuka ni kesho."

"Kesho," mjomba akarudia taratibu. Kisha akamgeukia mtu aliye karibu naye, simu hakuiziba vizuri. "Wanasema kesho. Kamwambie shehe."

Kicheko kilimkauka Mwahija mdomoni. Mgonjwa angesubiri kesho, hata kesho kutwa. Asiyeweza kusubiri pantoni ni maiti.

Kwao msafiri haambiwi msiba. Huambiwa mgonjwa kazidiwa, ili afike salama. Alimtazama Yassin. Yassin alikuwa ameinua kichwa, kitambaa cha mafuta mkononi, wala hakuuliza simu ni ya nani. Kumbe alijua. Ndiyo maana alfajiri alimkazania amalize uji, maziwa ya mtoto yasije yakakatika.

Alichotaka Mwahija ni kimoja: kuuona uso wa mama yake kabla haujafunikwa. Akisema nisubirini, wangemsubiri. Mjomba hajawahi kumnyima kitu. Ila mama angelala ndani usiku mzima kwa joto la kule, wanawake wakimpepea kwa zamu, wakiangaliana.

"Mjomba, ameshaoshwa?"

"Ndiyo wanaanza, mwanangu. Unisamehe."

"Nani anamuosha?"

"Nusaiba na wenzake."

"Mwambie dada Nusaiba, bega la kushoto asilivute. Lilikuwa linamuuma sana."

"Nitamwambia."

"Na mumzike leo alasiri. Msitusubiri."

"Mwahija, hutamwona."

"Najua, mjomba."

Yassin alifunga boneti polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Akaja akasimama karibu naye, akamchukua mtoto. Mtoto akamshika pua, akacheka.

"Bado unataka twende leo?" aliuliza.

"Twende."

Aliingia garini, akampokea mwanawe, akajifunga mkanda. Yassin alipowasha gari na kuondoka kwa kasi, Mwahija alimgusa mkono.

"Usikimbize gari, baba Umi. Hatuna tena tunachokiwahi."