Mabel na Suruali ya Mrakibu

Konstebo Clifford Tordoff alikuwa mtu wa kuomba radhi. Ukimkanyaga dukani, yeye ndiye anayesema samahani. Akijigonga mlangoni, anauomba radhi mlango. Watu wa Yorkshire, kule Uingereza, wote wako hivyo, lakini Clifford alipita kiasi. Mkewe aliapa kwamba hata kanisani, kasisi alipomuuliza kama anakubali kumuoa, bwana harusi alianza na samahani.

Tabia hiyo haikumdhuru mpaka siku Mabel alipomng'ata Mrakibu Fanshawe matakoni.

Mabel alikuwa mbwa wa polisi. Clifford alimlea tangu mdogo, wanazunguka pamoja kazini, na jioni Mabel analala jikoni mwa Clifford, pua karibu na jiko. Siku hiyo walikwenda kwenye sherehe ya kijiji cha Skelby, mvua inanyesha kama kawaida, watu wamejibanza chini ya maturubai wanakula keki. Mrakibu alikuja kumtuza mwenye boga kubwa kuliko yote. Akalikumbatia boga, akajipanga apigwe picha. Clifford alikuwa amesimama nyuma yake na Mabel, anamsikiliza bibi mmoja akimweleza habari za nyonga yake. Mara suruali ya Mrakibu ikachanika, tataa!

Clifford akamvuta Mabel, halafu akapiga kelele, na kamera iliyokuwa kifuani mwake ikanasa kila neno: "Samahani, afande! Kosa langu! Kosa langu lote!"

Basi akashtakiwa kikazi kwamba ameshindwa kumdhibiti mbwa. Mrakibu aliapa kuwa yeye alisimama wima kama nguzo, hakusogea hata kidogo. Clifford akitiwa hatiani, Mabel anapewa askari mwingine. Kwa wakati huo mbwa alikuwa amezuiliwa kwenye mabanda ya makao makuu, na Clifford kila asubuhi alijaza bakuli lake maji, akaliangalia, akayamwaga.

Polisi wa kule hawaruhusiwi kugoma, ila wana chama chao, na kila kituo huchagua mmoja wao wa kusimama na mwenzao aliyepatwa na balaa. Kituoni kwa Clifford alikuwa Konstebo Beryl Sugden, mwanamke wa mwili uliojaa, karibu kustaafu, asiyeachana na kikapu cha kufumia. Tangu siku ile ya boga alikuwa akija nyumbani na mkate wa nyama, anakaa na Clifford mpaka ale, kisha anamvuta mkewe pembeni na kumwelekeza daktari wa chama wa kumpigia kama mwanamume hapati usingizi. Na siku ya kikao cha kesi, kule makao makuu, alikuwa naye mlangoni.

"Sikiliza, kipenzi," alisema Beryl. "Mle ndani samahani ni marufuku. Ukiisema, wanaandika umekiri. Ukiona inakuja, imeze."

"Sawa. Samahani."

"Umeona sasa?"

"Samah..."

"Clifford! Nina mkasi humu kikapuni, ulimi nitaukata!"

Ndani walimkuta Mkaguzi Mkuu Harriet Openshaw, mwanamke aliyenyooka kama rula, ndiye wa kuamua. Pembeni alikaa Mrakibu Fanshawe, shahidi, juu ya mto.

Clifford akaligonga goti kwenye kiti. Akafungua mdomo akiombe radhi. Beryl akamkanyaga kisawasawa. Maskini Clifford akamtazama kwa macho ya mtu anayetamani kuomba radhi kwa kuuweka mguu wake chini ya kiatu cha mwenzake.

"Konstebo Tordoff alikiri kosa palepale," alisema Openshaw.

"Hajakiri kitu, afande," Beryl akajibu huku anafuma.

"Kamera yake mwenyewe imemrekodi. Tuiangalie."

Akaiwasha. Picha ilionyesha koti la yule bibi wa nyonga, basi. Lakini sauti zilikuwa wazi: tarumbeta, mvua, vicheko. Halafu sauti ya Mrakibu: "Oo, samahani."

"Bila samahani, afande," akajibu Clifford kwa adabu, hapohapo mezani.

Kwenye kamera mbwa akalia ng'we! Kisha tataa. Kisha Mrakibu naye akalia.

Beryl alikuwa ameshainua kiatu. Kikabaki hewani.

"Umemjibu nani, kipenzi?"

"Afande Mrakibu. Ameomba radhi."

"Lini?"

"Sasa hivi tu, humo kwenye kamera! Mtu akuombe radhi, umnyamazie? Ni ustaarabu gani huo?"

Wote walikuwa wameisikiliza kamera ile mpaka wakaichoka, na hakuna aliyesikia. Masikio ya kule yamezoea samahani kama unavyozoea pumzi zako mwenyewe.

"Irudishe, afande," alisema Beryl, akaweka ufumaji chini.

Ikarudishwa. Oo, samahani. Ng'we. Tataa.

"Mrakibu wangu," Beryl akamgeukia, sauti tamu kama jamu, "ulikuwa unamwomba radhi nani, na ulikuwa hujang'atwa bado?"

Fanshawe akawa mwekundu kuanzia kwenye kola. "Sikumbuki. Nilihisi kitu laini chini ya kisigino. Nikadhani ni mguu wa yule bibi." Akasikia alichokisema, akaharakisha: "Lakini ni neno tu! Mtu husema! Halina maana kwamba nimekosea."

"Halina?"

"Halina kabisa! Sote tunalisema!"

"Andika hapo, afande," Beryl alimwambia Openshaw. "Kama halina maana, basi na la Clifford halina. Kama linayo, Mrakibu ndiye wa kwanza kukiri, na amemkanyaga mkia askari aliye kazini. Chagueni. Mimi namimina chai."

Openshaw akatazama dirishani muda mrefu, mabega yakimtikisika.

"Nyie wakubwa nanyi mna chama chenu, si ndiyo?" Beryl akamnong'oneza Mrakibu kwa huruma. "Wapigie, baba. Wanasaidia sana."

Openshaw alipogeuka, uso ulikuwa umerudi mahali pake. Akasema Konstebo Tordoff hana kesi ya kujibu, na mbwa arudishwe leo.

Clifford akaenda mabandani karibu kukimbia. Mabel alikuwa amenenepa, na alimpa mgongo. Clifford akapiga magoti kwenye sementi iliyolowa, akamweleza habari yote: kamera, kisigino, mto wa Mrakibu. Mabel akamwacha azungumze. Alipomaliza, mbwa akanyanyuka, akatoka mpaka kwenye gari la kazi la Clifford, akakipuuza kizimba chake cha nyuma, akapanda kiti cha mbele na kutazama barabara.

Jambo hilo lilikatazwa na kanuni zote za kazi. Clifford akachungulia kulia na kushoto, kisha akamfunga Mabel mkanda.