Vigae Tisa vya Moto

“Hivi Mama Celina, moto wako haulali?”

Bi Zamda aliniuliza hivyo mwaka wa kwanza tulipokuwa majirani hapa Mtaa wa Mchikichi. Nikamjibu kwamba unalala, ila unaamka pamoja nami. Nami naamka saa kumi na nusu, kwa kuwa Misa ya kwanza pale Msimbazi haimsubiri mtu. Nawasha jiko, nabandika uji, nasali rozari huku napepea. Siku ile Bi Zamda alikuja na kigae cha chungu mkononi. “Basi naomba moto,” akasema. Nikamtilia makaa mekundu matatu, akaenda zake kuwasha kwake.

Kwetu Kibosho moto haunyimwi. Hata mliyegombana naye jana, akija na kigae unampa. Nikaja na desturi hiyo Dar es Salaam, nikakuta na watu wa Pwani wanayo, na wa Songea wanayo. Kufika mwaka 1981, kiberiti kilipokuwa kikitafutwa kama dawa na mafuta ya taa hayaonekani, wanawake wa nyumba nane walikuwa wanakuja uani kwangu kila alfajiri, na Bi Zamda wa tisa. Sikuwahi kumhesabia mtu makaa. Mkono wa kushoto usijue unachotoa wa kulia.

Jiko lenyewe alilijenga marehemu mume wangu, Isidori. Alikuwa mchochea moto kwenye treni za moshi miaka kumi na saba, na moto aliujua kama mwingine anavyomjua ng’ombe wake. Alinyanyua ukuta upande unakotoka upepo wa bahari, akaacha tundu juu la kutolea moshi, akafinyanga jiko moja la udongo lenye nafasi tatu za sufuria. Mimi na wapangaji wangu wote tunapikia hapo kwa zamu. Tulikuwa watu kumi na wanne na moto mmoja. Alilimaliza wiki mbili kabla Mungu hajamchukua. Alama ya kiganja chake imo kwenye udongo mpaka leo, upande wa kushoto.

Basi mwaka huo akaletwa kijana mmoja, Ndugu Eliasi, kutoka ofisi ya serikali. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Awadhi, akamzungusha nyumba kwa nyumba. Kazi yake ilikuwa kupima kila nyumba inakula nishati kiasi gani. Si kwa kuuliza, hapana, kwa kupima. Alisoma mita ya umeme barazani. Akatundika kipimajoto ukumbini, akashangaa nyumba yangu ya udongo ilivyo na ubaridi mchana. Na kila asubuhi saa tatu alipita na mizani ya kuning’iniza, akapima makaa yaliyobaki kwenye gunia, akaandika.

“Shikamoo Mama.”

“Marahaba mwanangu. Pima vizuri.”

“Mizani haisemi uongo, Mama.”

Wiki nne alifanya hivyo. Jumapili ya tano tukaitwa barazani kwa Mzee Awadhi kusomewa matokeo. Ndugu Eliasi akaeleza kwamba makaa ya kila nyumba ameyagawa kwa idadi ya watu wanaokula. Nyumba iliyofanya vizuri jiko lake litachorwa kwenye kijitabu, ligawiwe mji mzima kuwa mfano. Na iliyofanya vibaya kuliko zote, jiko lake litabomolewa, lijengwe jipya la kufundishia. Orodha inaingia ofisini siku ya pili yake, Jumatatu asubuhi.

Akasoma. Ya kwanza ikawa ya Bi Zamda: kilo mbili kwa siku, watu sita. Wakampigia vigelegele. Akaendelea kushuka, mpaka wa mwisho nikawa mimi. Kilo saba kasoro robo kwa siku. Karibu nusu kilo kwa kila mtu.

Anselmi kinyozi akadakia, “Mume kafa, treni bado inakwenda!”

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi niliwatazama wale wanawake wa alfajiri. Sitara alikuwa anakunja pindo la kanga yake. Mama Pantaleo alipata kazi ya kumfunga mtoto mgongoni, na mtoto alikuwa amekwisha kufungwa. Bi Zamda aliangalia chini. Hakuna aliyecheka kati yao, na hakuna aliyesema kwamba huchukua moto kwangu.

Ningeweza kusimama nikawataja. Lakini ukimpa mtu moto halafu ukamtangaza barazani, bora ungemnyima. Nikasubiri watu wapungue, nikamfuata Ndugu Eliasi.

“Umepima makaa yanayoingia jikoni kwangu,” nikamwambia. “Yanayotoka je, umeyapima?”

“Majivu, Mama?”

“Si majivu. Wewe unakuja saa tatu. Njoo kesho saa kumi na nusu, uje na mizani yako, ukae kwenye kigoda. Usiniulize jina la mtu.”

“Mama, kazi imefungwa. Kesho napeleka orodha.”

“Mume wangu alikuwa anasema moto huujui ukitazama shimo la makaa tu. Tazama na injini imevuta nini. Asubuhi moja, mwanangu. Ukiona sina haki, leta sururu mwenyewe, nitakupokea na uji.”

Akanitazama, akafunga daftari. “Asubuhi moja.”

Akaja kweli. Nikamkalisha karibu na jiko, mizani akaitundika kwenye mwamba wa paa, na chini yake akaning’iniza karai. Nikawasha. Moto ukashika, makaa yakawa mekundu vizuri.

Ikapita saa kumi na moja kasorobo. Hakuna mtu. Mlango wa uani niliuacha wazi kama siku zote, na nje nikasikia ndara zikija, zikasimama, zikarudi. Nikaelewa. Wamemwona akiingia. Nani alete kigae chake mbele ya mwenye mizani, aharibu namba yake mwenyewe?

“Mama,” akasema Ndugu Eliasi taratibu, “labda leo…”

“Kaa mwanangu.”

Kengele ya Misa ikagonga. Tangu Isidori afariki, isipokuwa kwa ugonjwa, sikuwahi kuikosa Misa ya kwanza. Siku ile niliikosa. Nilishika rozari, nikakitazama kile kiganja kwenye udongo, nikamwambia Mungu: kama jiko hili ni la kubomolewa, libomolewe, lakini sitakwenda kumvuta mtu kwa kanga aje kunitetea.

Ndipo wakaingia. Bi Zamda alikuwa mbele, kajitanda kanga, na nyuma yake Sitara, Mama Pantaleo na wengine wote, mstari mmoja, kila mmoja na kigae chake.

“Mama Celina, naomba moto,” akasema Bi Zamda, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Nikamtilia. Alikuwa anageuka kuondoka kama kawaida yake, kisha akarudi akakiweka kigae kwenye karai.

“Andika, Ndugu. Kisha toa uzito wa kigae, usije ukanidhulumu.”

Akapima, akaandika. Akaja Sitara, akaja Mama Pantaleo. Vigae tisa. Yule kijana akajumlisha, akarudia kujumlisha.

“Kilo tatu na nusu zimetoka hapa,” akasema. “Na huwa ni kila siku?”

“Kila siku ya Mungu,” akajibu Mama Pantaleo. “Hata alipokuwa na malaria alimwambia mpangaji awashe.”

Ndugu Eliasi akakokotoa upya, kalamu ikakwaruza. Kilichobaki kwa watu wangu kumi na wanne kilikuwa kilo tatu na robo, chini ya robo kilo kwa kila mtu. Akapiga mstari juu ya jina langu kule chini, akaliandika juu kabisa. Kisha akasimama, akatoa rula, akaanza kulipima jiko la Isidori, urefu, upana, lile tundu la juu. Alipofika kwenye kiganja akasita.

“Hii ni nini, Mama?”

“Ni ya fundi. Na hiyo ichore.”

Akaichora. Halafu akamgeukia Bi Zamda, uso umemshuka. “Lakini Mama, nyumba yako ndiyo ilikuwa iingie kwenye kijitabu. Na hii robo na ushei itabidi niiongeze kwako.”

Bi Zamda alichukua kigae chake kwenye karai. Akayapuliza makaa mara mbili yakang’aa, akayakinga upepo kwa upindo wa kanga, akasema, “Iongeze,” akaenda zake kuwasha kwake.